Dobi wa Katuba Anayemtafutia Binti Yake Macho

ÉLISABETHVILLE, Juni 1955. Jua halijapanda juu ya miti ya Karavia, na tayari Léonard Chomba anapuliza makaa ndani ya pasi. Majivu yanamrukia, anageuza uso, anakohoa. Kisha anaisugua pasi juu ya jani la mgomba ili masizi yatoke, na kuanza na kola.

"Kola njo uso ya shimizi," anasema dobi huyu kwa Kiswahili cha Katanga, ambako "njo" ni "ndio", akilinyoosha shati la mwajiri wake. "Ikikunjana, bwana anakasirika mpaka magaribi."

Leo hayuko peke yake. Chini ya meza, juu ya gunia, ameketi binti yake Annie, mwenye miaka saba. Ameshika kitambaa chekundu na kukisogeza jichoni mpaka kope zinakigusa. Madame, mke wa bwana huyo, amekubali mtoto aje, ila asiguse shuka. Mama wa watu ana huruma, tusimsingizie, lakini huruma yake inaishia kwenye kamba ya kuanikia.

Kazi ikipungua, Léonard atamkalisha Annie juu ya baiskeli na kumpeleka hospitalini. Daktari wa macho amefika kutoka Léopoldville, na daktari wa namna hiyo huja mara moja tu kwa mwaka, wakati wa kiangazi. Akiondoka bila kumpima Annie, basi tena, ni mpaka mwaka kesho.

"Roho inanipiga," anasema Léonard. "Mwaka jana tulifika, tukarudi mikono mitupu."

Tangu azaliwe, Annie alichelewa kila kitu. Alichelewa kukaa, alichelewa kusimama, na alipoanza kutembea wenzake walikuwa wanakimbia. Maneno yake mpaka leo ni machache. Jirani hawakukosa la kusema, jirani gani hukosa? Bibi yake alitaka apelekwe kijijini akaogeshwe dawa.

Mama yake, Delphine, ambaye huuza munkoyo, kinywaji cha mahindi, mlangoni kwake, alikataa katakata. "Nilimwambia mama, huyu ni mutoto, haiko nguo ya kufua," anasema.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Delphine alimfunga Annie mgongoni akaenda naye dispansari. Huko muuguzi, kijana aitwaye Alexis, alimuuliza mtoto ana shida gani. Delphine akajibu kama ambavyo angejibu mtu yeyote wa mji huu:

"Mutoto hasikie."

Loo, neno hilo! Huku Katanga, ukitaka kujua kama mtu anaelewa Kibemba, unamuuliza, "Unasikia Kibemba?" Kusikia ni kuelewa. Delphine alitaka kusema kwamba mwanawe haelewi upesi, akionyeshwa kitu hakitazami, akiitwa kwa mkono haji. Alexis ni mwana wa hapahapa na neno analijua, lakini foleni ilikuwa imefika barabarani. Akasikia masikio.

Basi masika yote Annie alitiwa mafuta masikioni, akaoshwa, akatiwa tena. "Yakakuwa safi kuliko ya sisi bote!" Delphine anacheka, halafu anafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Alikuwa anasikia hata munkoyo ikichacha mu chungu. Lakini ukiweka kikopo mbele yake, anaipiga teke."

Aliyegundua mambo ni Léonard. Jumapili moja alikuwa anaanika nguo za nyumbani. Annie akaja, akaingia kichwa kichwa ndani ya shuka jeupe, likamzonga, akalia. Mwisho wa kamba palikuwa na kitenge chekundu cha mama yake. Alipokifikia kitenge hicho mtoto alisimama, akanyoosha mkono, akakivutia usoni na kutulia.

Léonard aliitupa ndoo. "Bana-Annie, kuya!" alimwita mkewe, mama Annie, aje aone. "Huyu mutoto anatafuta kuona!"

Walirudi kwa Alexis. Kijana hakujitetea. Aliomba radhi, akawaambia habari za daktari wa kiangazi, na mwaka jana wakaenda. Ole wao! Daktari wa safari ile alibandika picha ukutani, akataka mtoto ataje anachokiona. Annie, asiyejua hata kutaja uji anaoula, akaangua kilio. Wakaambiwa wamrudishe atakapojua kusema.

"Muntu akichelewa kusema, na macho yake ingojee?" anauliza Léonard. Swali hilo amelala nalo mwaka mzima.

Leo, saa tano asubuhi, wako hospitalini, ukumbini, kwenye benchi. Delphine amewakuta getini, amevaa kitenge cha kanisani. Daktari wa safari hii ni mwingine, mzee wa Kibelgiji mwenye sauti ya chini. Wa kutafsiri ni Alexis, ambaye sasa ni muuguzi hapa hospitalini.

"Mama," Alexis anamnong'oneza Delphine, "leo ile 'kusikia' tuiache inje."

Wanacheka wote watatu, kicheko cha watu wenye hofu.

Daktari hamuulizi Annie lolote. Anammulika jicho kwa taa ndogo, anaweka kioo cha miwani mbele yake, anakitoa, anaweka kingine. Annie hapendi. Anapiga mayowe, anamtandika mzee wa watu kofi la kidevu. Léonard anampakata na kumwambia sikioni, "Tata iko hapa, Tata iko," yaani baba yupo. Daktari anasubiri, kisha anainua kioo kingine, kinene.

Annie ananyamaza. Anainamisha kichwa. Halafu mkono wake unakwenda moja kwa moja kwenye kifungo cha koti la daktari, bila kupapasa, na kukishika.

Delphine anajiziba mdomo. Léonard machozi yanamtiririka na hajali nani anamwona.

Daktari anaeleza, Alexis anatafsiri. Annie huona vilivyo karibu na pua tu, vya mbali vyote kwake ni ukungu. Miwani itamsaidia sana, ila vioo vinene namna hiyo havipatikani mjini. Vitaagizwa Ubelgiji, vije kwa meli mpaka bandari ya Lobito, kisha kwa garimoshi, na hakuna anayejua vitafika lini. Tena wasijidanganye, miwani haitamfanya mtoto awe mwepesi wa kuelewa. Atajifunza polepole maisha yake yote.

"Umwambie munganga aksanti," Léonard anamjibu Alexis. "Akili ya mutoto wangu tunaizoea. Mi nilikuya juu ya macho."

Adhuhuri wanarudi Katuba, mtaani kwao, kwa miguu, Léonard akiisukuma baiskeli na Annie amekaa juu yake, akikigeuzageuza kitambaa chake. Delphine anapanga kwa sauti: miwani ikifika atamfundisha mtoto kuchota munkoyo bila kumwaga, atamtuma kwa jirani, atamsuka huku akijitazama kwenye kioo.

Mume wake akiulizwa yeye anatamani nini, anasimama kabisa katikati ya njia.

"Annie ananijua kwa sauti," anasema. "Nikiingia mu nyumba bila kusema, hajue ni nani. Miaka saba, kwake mi ni sauti tu. Siku ile miwani itafika, nitamuvalisha, nitatoka, nitarudi nisimame ku mulango, kinywa nafunga. Nataka yeye njo aseme 'Tata' wa kwanza."

"Na asiposema?" mkewe anamuuliza taratibu.

Léonard anamtazama binti yake aliye juu ya baiskeli.

"Nitabaki pale pale ku mulango," anajibu. "Nitamungoja."