Baba Mkwe Mlangoni mwa Banda la Gemu

Jumamosi niliingia banda la gemu pale mtaani Lizaboni, mojawapo ya yale yaliyoota kama uyoga tangu biashara ziachiwe huria. Mwalimu mmoja, pedi ya kuchezea mkononi, alikuwa akiendesha gari kwenye televisheni. Bibi kizee akakatiza barabara. Mwalimu akamgonga, akarudi nyuma, akamgonga tena. Benchi zima tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

"Hodi humu."

Alikuwa baba mkwe wa yule mwalimu, kofia mkononi. Mwalimu aliruka wima, akaficha pedi mgongoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mchezo ndio unataka umgonge huyo bibi?"

Angejibu ndiyo, yangeisha. Lakini mwalimu ni mwalimu, akaanza kufundisha.

"Hapana, baba. Gemu za zamani zina hadithi zake, unafuata tu. Hii ya kisasa, mtu unafanya unachotaka mwenyewe."

"Kumbe ndicho unachotaka," mzee alisema taratibu. Akavaa kofia, akaondoka.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mwenye banda akauliza nani anafuata. Ilikuwa zamu yangu. Nikamwomba aniwekee ile yenye hadithi.