Pikapu Mbili Uani kwa Bwana Salum

Nta inapochemshwa hutoa harufu nzito, tamu na ya moshi kwa pamoja, harufu inayoingia katika nywele na nguo ikakaa humo hata baada ya kufuliwa. Katika kijiji chetu, kilichokuwa kando ya njia ya zamani ya misafara iliyotoka pwani ikapita Tabora kuelekea Ujiji, harufu hiyo ndiyo iliyotutangazia kwamba msimu wa asali umeingia. Wanaume walikwenda porini, ndani kabisa ya misitu ya miyombo, wakapiga kambi majuma mengi wakirina mizinga ya magome iliyotundikwa juu ya miti. Sisi wanawake na watoto tulibaki nyumbani na masufuria ya nta, na nyuki wachache waliofuata masega hadi uani kana kwamba wamekuja kudai chao. Anayekulia katika harufu ile haitambui mpaka aondoke. Mimi niliitambua nilipoolewa huku Cheyo, mjini Tabora, nikaamka asubuhi ya kwanza nikahisi hewa imepungukiwa na kitu.

Asali yetu ilifika mjini kwa mkokoteni wa ng'ombe na kwa baiskeli, na watu wetu walifika kwa njia hizo hizo. Mwaka uliotangulia ule ninaousimulia, Mama alishikwa na uchungu wanaume wakiwa porini. Mkokoteni ulitoka nyumbani alfajiri ukavuka mbuga, yaani lile bonde la udongo mweusi lililo kati yetu na mji, ukaifikia hospitali jua likitua. Mama alirudi, mtoto hakurudi. Jambo hilo halikuzungumzwa nyumbani kwetu. Baba hakulizungumza kwa sababu hakuwapo, na Mama hakulizungumza kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Nilichokiona mimi ni kwamba hakupanda tena mkokoteni ule. Alipokuwa na safari alitembea kwa miguu, hata mimba nyingine ilipoanza kuonekana chini ya khanga yake.

Masika yalipokuwa yakiisha mwaka wa kisa hiki, Baba alitangaza mbele ya ukoo kwamba akiba ya miaka mingi ya asali na nta imetosha kununua pikapu. Neno hilo lilizua kelele iliyoendelea hadi wiki ikaisha. Kila mtu alikuwa na pikapu yake kichwani, ingawa wengi hawakuwa wamewahi kuigusa hata moja. Huyu alitaka yenye magurudumu manene kwa ajili ya mbuga, yule alitaka yenye ubavu mrefu wa kubeba mbao, na Shangazi Kalunde, dada yake Baba, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kulala njaa, alisema kwamba yeye haombi makubwa, anaomba tu gari ambalo kuku hawatapanda kutagia mayai. Babu aliwaacha wapige kelele hadi wakachoka, ndipo akasema, "Maganga, gari ni mpagazi. Na mpagazi hanunuliwi kwa sura. Aonje mzigo kwanza."

Neno hilo halikuhitaji kufafanuliwa kwetu, lakini nyinyi wa leo sharti mwelezwe. Baba yake Babu alikuwa mpagazi, mmoja wa wale Wanyamwezi waliobeba mizigo mabegani hadi pwani na kurudi. Katika ukoo wetu ilibaki desturi kwamba mtu hakabidhiwi mzigo asiouonja: huuinua kwanza begani, akatembea nao mbele ya wenzake, ndipo akasema naam au hapana, wala hakuna wa kumcheka akisema hapana. Hata sisi wasichana, tulipotumwa kisimani kwa mara ya kwanza na mtungi mkubwa, tuliulizwa, "Umeuonja?" Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kila mtu huuona mwepesi ilimradi hauko begani mwake. Desturi ile ilikuwa dawa ya ugonjwa huo.

Basi tukaenda Tabora. Baba na wanaume watatu wa ukoo walitangulia na mkokoteni uliojaa madebe ya asali, Babu akiwa ameketi juu yake, kwa kuwa Babu alisisitiza kwamba gari lionje mzigo halisi, si mawe. Nyuma yao alikuja Baba mdogo Mihayo, amekaa juu ya punda. Mihayo alianguka kutoka mtini akitundika mzinga, nyonga ikakauka, hivyo hakuweza tena kupanda mti wala kwenda kambini. Lakini alikuwa amejifunza udereva kwa wamisionari, naye ndiye angekuwa dereva wetu. Sisi wanawake tulifuata kwa miguu, nta vichwani, tukienda taratibu kwa ajili ya Mama, ambaye ilimpasa kuonekana kliniki. Njia ilikuwa bado na unyevu asubuhi ile, na mchanga wake ulihifadhi kila unyayo.

Bwana Salum alikuwa mfanyabiashara wa mtaa wa Ng'ambo, mtu wa asili ya Omani ambaye ukoo wake ulikuwa umenunua nta ya ukoo wetu tangu zama za misafara. Alitupokea kwa kahawa na tende, akawaamkia wazee wetu shikamoo kwa adabu, kisha akatufungulia lango la ua. Mle ndani zilisimama pikapu mbili. Moja ilikuwa ya kijani, kuukuu, ndefu, imeinuka juu ya springi zake, na ubavuni ilikuwa na mbao ngumu za mninga. Ya pili ilikuwa ya buluu, fupi, imekaa chini, na rangi yake ilikuwa bado inang'aa. Wanaume hawakuitazama ya buluu. Walikwenda moja kwa moja kwenye ile ya kijani, wakaipiga viganja kama wanavyopigwa ng'ombe mnadani.

Ilipakiwa madebe yote. Haikuinama. Ikaongezwa magunia ya karanga ya Bwana Salum mwenyewe, kisha wanaume wote wakapanda juu, Babu akiwa amesaidiwa kupanda, na bado ilisimama wima kama askari. Ile ya buluu, ilipopakiwa kwa kuwaridhisha wenye shaka, ilichukua nusu ya madebe hayo ikakaa chini hadi mtu angedhani imechoka kabla ya safari.

"Hiyo ni kabati la nguo," alisema mmoja wa wanaume, wakacheka.

"Mzee Maganga," alisema Bwana Salum, akimgeukia Baba, "mimi na nyinyi si watu wa kudanganyana. Hili la kijani lina ila moja. Stata yake imekufa, na kipuri chake hakipatikani hapa. Nimeagiza Dar es Salaam, nimechoka kungoja. Lakini likisukumwa hatua chache huwaka, na likiwaka halizimi. Nanyi wanaume wa kusukuma mnao."

Wanaume walishuka, wakalisukuma, likawaka kwa mngurumo uliowatimua njiwa wote darini. Baba alitabasamu. Nilikuwa sijamwona akitabasamu hivyo tangu mwaka uliopita, na moyo wangu wa kitoto ukaipenda ile pikapu ya kijani kwa sababu hiyo tu. Bwana Salum alilizima, akanyosha mkono ili wapeane mikono ya makubaliano.

Hapo ndipo Mama aliposema. Alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta, miguu imemvimba kwa safari. Hakuinua sauti.

"Bwana Salum, naomba kuuliza. Msimu wa asali, hao wanaume wa kusukuma huwa wapi?"

Bwana Salum alimtazama Baba, Baba akamtazama Babu, na Babu, ambaye hakuwahi kulikwepa swali lililo sawa, akajibu, "Porini."

"Na Mihayo hubaki nyumbani, lakini nyonga yake haisukumi. Basi atakayelisukuma ni nani?"

"Ni sisi," alisema Shangazi Kalunde. "Nani tena? Kuku?"

"Kama ni sisi," alisema Mama, "basi na sisi tuuonje mzigo wetu."

Watu waliofuga nyuki vizazi na vizazi, wanaojua kwa jina kila mwezi ambao nyumba zao hubaki bila mwanamume mwenye nguvu, walikuwa wamechagua gari la kuwashwa na wanaume. Walilipima kwa mizigo yote isipokuwa ule wa nyumba. Baadhi yao walianza kunung'unika kwamba jambo limekwisha kuamuliwa, lakini Babu alipiga fimbo chini. Desturi haikusema kwamba mwenye kuonja sharti awe mwanamume.

Mihayo akapanda kwenye usukani. Wanawake wakafunga khanga viunoni. Shangazi akatema mate viganjani akasema, "Bwana Salum, ukicheka, nta yetu utaitafuta Urambo." Wakasukuma. Gari lilijongea kidogo kwenye mchanga wa ule ua, likakohoa, likasimama. Wakarudia. Watu wa mtaani walikuwa wamejaa langoni, na mtu mmoja akapaza sauti, "Liimbieni, labda litaamka!" Shangazi akamjibu jibu ambalo sitaliandikisha. Walirudia tena, nyuso zimejaa jasho, nami nikiwa katikati yao, nikiyasukuma mabati yaliyochomwa na jua. Ndipo nikaona mikono ya Mama kando ya mikono yangu. Alikuwa ameinuka pale ukutani bila kuitwa. Aliinamisha kichwa, tumbo lake kubwa likiwa limegusa mlango wa nyuma wa gari, akasukuma.

"Acheni," alisema Baba.

"Bado kidogo tu, mzee," alisema Bwana Salum. "Lilikuwa linataka kuwaka."

"Nimesema acheni!"

Alikwenda akamshika Mama mabega, akamrudisha kivulini. Kisha akamwambia Mihayo apande ile ya buluu azungushe ufunguo. Iliwaka mara moja, kwa sauti ndogo isiyo na majivuno. Baba akampa Bwana Salum mkono.

Sitaki mtu yeyote adhani kwamba Baba alipata gari bora. Mchagua nazi hupata koroma, na Baba alijua ni koroma gani anayochagua. Ile ya kijani ilinunuliwa na mwenye kiwanda cha mbao, aliyekuwa na vijana wa kusukuma mchana kutwa, ikawa inatupita njiani miaka mingi ikiwa imebeba mizigo mara mbili ya ile yetu. Pikapu yetu ilizama mbugani kila masika tukaivuta kwa ng'ombe. Asali iliyokuwa iende safari moja ilikwenda mbili, na nyingine ilingoja hadi ikachacha. Vilabuni watu walimwuliza Baba kama kabati lake lina nafasi ya shati moja zaidi. Alikunywa pombe yake akarudi nyumbani.

Mama alishikwa na uchungu nyuki wakiwa wamejaa uani na wanaume wakiwa kambini, asubuhi moja tukichuja nta. Pikapu ilikuwa tayari imepakiwa madebe ya Bwana Salum. Tuliyashusha kwa pupa, mengine yakapinduka asali ikatiririka mchangani, na Babu, ambaye alikuwa akitugombeza kwa kupoteza tone moja, aliikanyaga akipita ili kutandika mkeka nyuma ya gari. Mihayo alizungusha ufunguo. Shangazi alipanda na Mama, nami nikabaki nikisikiliza sauti ile ndogo ikipungua kuelekea mbugani, mpaka nikawa sijui kama ninaisikia au ninaitaka tu. Kabla ya jua kusimama utosini walikuwa hospitalini. Mtoto alikuwa wa kiume, ni huyu babu yenu mdogo anayewasumbua kwa hadithi zake za mpira.

Baba alipopata habari alitoka porini akaja na baiskeli moja kwa moja, bado ananuka moshi wa kurinia. Nilichukuliwa kwenda mjini siku ya kumrudisha Mama, kwa hiyo yanayofuata niliyaona kwa macho yangu. Katika zama zile kiti cha mbele kilikuwa cha mwenye gari. Mkewe, awe mzima au mgonjwa, alikaa nyuma na mizigo. Baba alifungua mlango wa mbele, akampandisha Mama na mtoto wake kando ya Mihayo, akaufunga. Kisha akazunguka, akapanda nyuma, akaketi pamoja nami juu ya madebe matupu. Tulipita Gongoni, tukapita Ng'ambo, na watu waliomfahamu walisimama wakamnyoshea vidole. Mmoja aliita, "Maganga, umeajiriwa utingo?" Vumbi lilimfunika mpaka nyusi zikawa nyekundu. Hakuinamisha uso.

Mwaka huu mmoja wa wajukuu zangu amenunua pikapu. Aliichagua kwenye simu, akiwauliza watu asiowajua, akaniletea ikiwa imekwisha kulipiwa ili niibariki. Ni gari zuri. Lina viti vya watu watano na baridi ndani yake, na barabara ya lami huvuka mbuga ile kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Nilimwuliza ni nani nyumbani aliyeulizwa. Akasema, "Bibi, siku hizi kila mtu ananunua chake." Huenda ni kweli. Siombi zama zile zirudi, kwa kuwa haikuwa haki Mama asukume gari kwa tumbo lake ndipo asikilizwe. Leo wanawake wa nyumba hii huketi mbele, na wawili kati yao huendesha wenyewe, wala hakuna anayegeuza shingo kuwatazama. Hivyo ndivyo inavyostahili kuwa. Lakini wao wamekikuta kiti hicho kiko wazi. Mimi nilimwona mtu akikiacha, akapanda nyuma kwenye vumbi mji mzima ukimtazama, na tangu siku hiyo sikuhitaji kuambiwa na mtu yeyote kama baba yangu alimpenda mama yangu.