Wavu wa Mkanda wa Tatu

Kiponda wa Dzombo alikuwa mtu wa kupaka grisi katika kiwanda cha mawe, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Jilore. Pale tulisaga mawe meupe mazito mpaka yakawa unga laini kama wa muhogo. Malori yaliuchukua unga huo kupitia Mariakani. Ulikokwenda baada ya hapo hatukukujua. Sisi tuliujua kwa kikohozi.

Mimi nilikuwa nikipakia mawe kwenye mkanda wa kwanza. Kiponda alikuwa kwenye mkanda wa tatu, ule unaoingiza mawe yaliyovunjwa ndani ya kinu. Kila mara udongo mbichi ulijibandika kwenye rola ya mkanda ule, na mkanda ukaanza kwenda upande. Kazi ya Kiponda ilikuwa kuubandua udongo huo kwa bapa la chuma, na kupaka grisi.

Zamani rola ile ilikuwa na wavu wa chuma uliofungwa kwa nati nne. Ili kubandua udongo ilibidi mashine isimamishwe, nati zifunguliwe, udongo utolewe, wavu urudishwe, kisha kinu kingojwe mpaka kishike mwendo. Hiyo ni nusu saa nzima. Mwaka 1983 nyapara wetu Mahadhi, mtu wa Malindi mjini, aliona nusu saa ni nyingi. Aliamuru wavu utolewe na mashine isisimame. Tangu siku hiyo Kiponda alibandua udongo huku rola inazunguka mbele ya kifua chake.

Haukupita mwaka, rola ile ikala vidole vitatu vya mtu wa zamu ya pili na ngozi ya kiganja cha mwingine. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mashine ina kiu, na haitatulia mpaka ipewe damu.

Mwaka wenyewe ulikuwa 1984, mvua zilipokosa na watu wakala mahindi ya njano yaliyonuka gunia. Tulikutana nyuma ya stoo tuamue tumwombe nini meneja. Wengi walitaka mbuzi wa kafara. Kiponda, ambaye kwa kawaida hakusema mengi, alisimama.

"Tuombe wavu urudishwe," alisema. "Nati nne tu. Nitazifunga mwenyewe."

"Msena, rafiki yangu," Kalama, mshona magunia, akamwambia, "huo wavu unaliwa?"

Watu wakacheka.

"Hauliwi," Kiponda akajibu, "lakini nao hauli mtu."

"Basi kazichemshe hizo nati nne, ule na mkeo. Sisi tuletee mbuzi."

Nami nilicheka. Nyumbani kwangu hatukuwa tumeonja nyama tangu Krismasi.

Meneja alikubali siku hiyo hiyo. Naamini hakuwahi kuletewa ombi jepesi kama lile. Alileta beberu mweusi, mzee mmoja kutoka Jilore akanuiza maneno, na damu ikamwagwa juu ya rola. Kisha ikatafutwa namna ya kuchoma nyama. Mahadhi aliingia stoo akatoka na ule wavu wenyewe, akautandika juu ya mafiga matatu, makaa chini yake. Ulifaa sana. Matundu yake yalikuwa kama yaliyopimwa kwa kazi ya kuchoma.

Kiponda alisimama mbali akitazama mafuta yanavyodondoka.

"Enhe, Bwana Kiponda!" Mahadhi alimwita. "Si wewe uliyeutaka wavu? Huo hapo, umerudi kazini. Njoo, ini lako hili."

"Ahsante, Bwana Mahadhi. Nimeshiba."

Mwaka ule hakuna mtu aliyekuwa akisema ameshiba. Watu walichukia. Kalama alilichukua lile ini, akalila akimtazama machoni.

Hazikutimia wiki tatu. Ilikuwa asubuhi, mawe yalikuwa yamelowa umande na udongo ulijibandika kuliko siku zote. Nilimsikia Kiponda akiomba mashine isimamishwe kidogo tu. Mahadhi alimwonyesha saa yake ya mkononi. Kiponda akavua shati, maana aliogopa mkono wa shati usije ukashikwa, akalifunga kiunoni, akainama na bapa lake. Bapa lilinaswa. Yeye hakuliachia upesi, kwa kuwa bapa likipotea unaandikwa deni. Rola ikalivuta bapa, ikavuta vidole, ikavuta mkono mpaka karibu na bega.

Swichi ilikuwa upande wa pili wa jengo. Nilikimbia. Nilipofika nikakuta mpini wake umeshikana kwa vumbi, nikaupiga kwa jiwe mara mbili. Muda wote huo nilimsikia. Baada ya kuizima mashine, ukimya ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mkanda ulisimama na yeye bado yumo, na ilibidi rola irudishwe nyuma kwa mikono ya watu.

Hospitalini walikata kilichobaki, juu ya kiwiko. Huku kiwandani neno lilikuwa moja tu, kuanzia langoni mpaka kwenye magunia: hakula nyama. Mashine ililetewa chakula, yeye akakidharau, nayo ikamjua. Hata waliosali msikitini na waliosali kanisani walisema hivyo. Lilikuwa neno jepesi kulibeba.

Meneja alitoa huruma yake. Ilikuwa desturi ya pale kwamba mtu akiumia, nafasi yake inapewa ndugu yake, ili nyumba isilale njaa. Siku ya nne Kazungu, mdogo wake Kiponda, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, alikabidhiwa mkebe wa grisi na bapa jipya.

Kadii, mkewe Kiponda, ndiye aliyempelekea habari kitandani. Nilikuwepo, nilikwenda kumpa pole.

"Baba Nyevu," alisema, "wamemchukua Kazungu."

"Wamemweka wapi?"

Kadii akaanza kunyoosha shuka.

"Nakuuliza wamemweka wapi."

"Pale pale pako."

Kiponda alijaribu kuinuka kwa mkono asiokuwa nao, akaanguka ubavu. "Mwambie aache."

"Akiacha tutakula nini? Unga wa nyumba zote mbili uko kwake sasa. Mwambie wewe."

Kazungu alipokuja kumtazama, Kiponda alimwambia. Kazungu alisikiliza kwa adabu, akasema, "Ndiyo kaka," na kesho yake akaenda kazini.

Kwa hiyo Kiponda hakubakiwa na jambo jingine duniani ila ule wavu urudi mahali pake kabla mkono wa Kazungu haujaenda. Kidonda hakijakauka vizuri, alikwenda Malindi kwa miguu kumtafuta mkaguzi wa viwanda. Mara ya kwanza aliambiwa hayupo. Mara ya pili aliambiwa alete maandishi. Mara ya tatu alikaa nje ya ofisi tangu kufunguliwa mpaka kufungwa, bandeji inavuja, na nadhani ile harufu ndiyo iliyofanya afisa, Bwana Thuku, aseme atakuja Jumatano.

Jumanne jioni Mahadhi alitukusanya. Aliongea kwa Kiswahili chake kizuri cha mjini, taratibu, kama anayesomea watoto.

"Ndugu zangu, kesho tuna mgeni. Mgeni akikuta makosa, hufunga kiwanda. Kiwanda kikifungwa, mtayala haya mawe. Wavu ulikuwepo siku ile. Kiponda aliufungua kwa hiari yake, apate kumaliza mapema. Kuna ambaye hakunielewa?"

Hakuna aliyenyanyua mkono. Kazungu na mtu mwingine waliutoa wavu jikoni kwa kiwanda, ulikobaki tangu siku ya mbuzi, wakaufunga kwenye rola nati zote nne. Ulikuwa mweusi kwa moshi.

Jumatano Bwana Thuku alikuja na kalamu mbili mfukoni. Alisimama mbele ya mkanda wa tatu, Kiponda ubavuni mwake, sisi tumejipanga nyuma.

"Si huu hapa wavu?" afisa aliuliza.

"Umewekwa jana, bwana," Kiponda alisema. "Ulikuwa ukichomewa nyama. Tafadhali unuse."

Afisa alicheka, lakini alinusa. "Kweli, una harufu ya mbuzi. Mnanitia njaa." Akatugeukia. "Siku ya ajali wavu huu ulikuwepo?"

Kalama alisema ulikuwepo, na akaongeza kwamba kilichomponza mwenziwe ni kukataa sadaka. Watu wakacheka, naye afisa akacheka nao. Aliuliza mmoja mmoja. Kila mmoja alisema ulikuwepo. Nilipofikiwa mimi, nilitazama viatu vya afisa, vilikuwa vimeingia vumbi jeupe, nikasema, "Ulikuwepo."

Wa mwisho alikuwa Kazungu.

"Wewe ndiye unayefanya kazi hapa sasa. Tangu uanze, wavu umewahi kutolewa?"

Kiponda alimtazama mdogo wake.

"La, bwana," Kazungu alisema. "Nimeukuta upo, na upo."

Afisa aliandika. Kisha alimwambia Kiponda atie alama ya kidole chini ya karatasi, kuonyesha kwamba maelezo yamesomwa mbele yake. Kiponda alitoa mkono uliobaki. Mahadhi ndiye aliyemshikia karatasi isipeperuke.

Alhamisi, kabla ya saa nne, udongo ulijibandika. Mahadhi alipiga filimbi, na Kazungu akachukua spana akafungua nati; wavu haukurudishwa tena.

Kiponda hakumlaumu mtu. Hata mimi, tulipokutana njiani, aliniuliza hali ya watoto. Lakini tangu wiki ile alianza kuja langoni kila zamu inapotoka. Alisimama upande wa mitaro, mbali na walinzi, na sote tulijua anatazama nini. Watu walipatia hapo mchezo. Waliotangulia walitoka wamenyanyua mikono juu, vidole vimetanuliwa.

"Kiponda! Hesabu! Yote miwili!"

"Mimi nimezidi, tazama, nina mitatu!"

Kazungu aliona haya. Alianza kutoka nyuma ya watu, mikono ameitia mifukoni mpaka chini, akampita kaka yake bila kumsalimu. Kiponda alimfuata. Tuliokuwa tukielekea Jilore tuliwasikia nyuma yetu, kaka akimsihi kwa sauti ya chini, mdogo akiongeza mwendo.

"Toa mikono, Kazungu. Nionyeshe tu. Toa mikono niione."

Kazungu hakuitoa. Alitembea mpaka kwake mikono imo mifukoni, akausukuma mlango kwa bega.