Swichi ya Pili

Juzi, hapa Tunduma, nilimwona fundi redio akizungushia fyuzi iliyokatika karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, nikamkumbuka baba.

Baba alikuwa akipiga gitaa harusini. Kila mara aliwasha swichi ya kwanza ya amplifaya, tukasubiri taa zake za kioo zipate moto, ndipo akawasha ya pili ili sauti itoke. Mchana mmoja, nikiwa bado mdogo, fyuzi ilikatika, bibi harusi yuko mlangoni. Baba akaizungushia karatasi kama hiyo. Sasa najua fyuzi ilikatika ili kuiokoa amplifaya.

Gitaa lililia kidogo, moshi ukatoka, likanyamaza. Nilidhani jikoni wameunguza sukari. Baba alikaa chini, kiganja juu ya amplifaya. Nami nikaigusa.

"Baba, imeshapata moto," nikamwambia. "Washa ya pili."