Zamu ya Kulwa

Jina langu Paulina, lakini hapa Mikumi ukimuulizia Paulina utazunguka mpaka jioni. Uliza Mama Kulwa, muuza mchele. Nilizaa mapacha, Kulwa na Doto. Kulwa alikufa kwa homa tukiwa bado Ruhembe, ana miaka kumi na tisa, na ole wake atakayeniambia nimwache apumzike. Nishagombana na watu kwa neno hilo.

Kwetu Usukumani, katika nyumba niliyolelewa, pacha hapewi kitu peke yake. Mmoja akifa, fungu lake linaendelea kutoka; lisipotoka, hulifuata mwenyewe. Basi Doto alikuwa anafanya mazoezi uani kwa chuma walichotengeneza wenyewe wawili: bomba, na makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege. Ananyanyua mara ishirini zake, anapumzika, kisha ananyanyua ishirini za Kulwa. Hakuruka hata siku moja.

Mwaka jana ikafunguliwa jimu karibu na stendi. Doto, ambaye kazi yake ni kupakia magunia ya vitunguu sokoni, akanijia anacheka.

"Shikamoo mama. Nimejiunga jimu. Kule kuna vioo, kuna vyuma vya ukweli."

"Marahaba. Na za mwenzako utanyanyulia wapi?"

"Mama, kule watu wanapanga foleni. Ukimaliza zako tu, mwalimu Nassir anakutoa."

"Haya bwana, mtoto wa mjini." Nilinuna siku mbili nzima.

Siku ya tatu, saa nane mchana, Doto yuko jimu, mimi napepeta mchele jikoni. Nikasikia uani zege linagonga ardhi. Kimya. Likagonga tena. Nikajua ni vijana wa jirani, nikatoka na mwiko mkononi nikitukana. Loh! Hapakuwa na mtu. Geti limefungwa kwa ndani. Kuku wamejibana ukutani, wote wanatazama upande mmoja. Nikalishika bomba, lilikuwa limelowa jasho. Nikanusa kiganja changu. Mama hasahau harufu ya mwanawe.

Niliogopa. Halafu, Mungu anisamehe, nikafurahi. Kesho yake nilikaa jikoni nikamsubiri, nikahesabu vishindo, ishirini kamili. Nikaacha kwenda sokoni mchana. Wateja wakalalamika, nikawaambia wakanunue kwingine.

Doto naye akaanza kukonda. Mashavu yaliingia, suruali akawa anaifunga kwa kamba. Gunia alilozoea kulirusha begani likamshinda.

"Mama, sielewi," akaniambia. "Kila siku napunguza uzito kwenye chuma, lakini kinazidi kuwa kizito. Ni kama kuna mtu amekishika upande wa pili."

Na mimi nilijua ni nani. Nilijua, jamani! Nikamjibu, "Usikate tamaa, baba. Endelea na jimu." Wiki tatu nilimwambia hivyo.

Mpaka Nassir alipomleta kwa bodaboda. Alikuwa ameanguka na chuma kifuani. Nikamvua shati nimkande, mbavu zote zinahesabika, na ile sura pale mkekani ilikuwa ya Kulwa, ya siku zake za mwisho. Nilipiga yowe.

"Mama, una nini?"

Nikamweleza yote. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Aliniuliza tu, "Wiki tatu, mama?"

Alipopata nguvu kidogo akatoka uani. Akanyanyua lile zege mara tatu, zake. Akapumzika. Akanitazama, akangoja. Alitaka niseme mwenyewe.

"Sasa za Kulwa," nikasema.

Jimu ameacha, na za Kulwa ananyanyua yeye kila siku. Magunia anayabeba tena, na jana alimaliza ugali akaomba wa pili. Saa nane mchana uani ni kimya kabisa, kuku wanachakura. Mara ya kwanza Kulwa alichukuliwa na homa. Mara hii nimemfukuza mimi, kwa mdomo wangu. Nilimpakulia Doto ule ugali nikiwa nalia, naye akala bila kuniuliza kitu.