Nilivyotumwa Kulinda Raba za Trela

Kazi yangu ya kwanza ilianza Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, mbele ya lango la bati la gereji moja mjini Nanyuki. Nilikuwa nimefika mapema, nikajificha nyuma ya mkaratusi nikingoja watu wengine watangulie, maana huwa naona haya kuingia mahali peke yangu. Mlinzi akaniona, akaniita msichana kwa Kikuyu.

"Wewe kairitu! Huo mti ndio umekuandika kazi?"

Nikatoka, uso ukiniwaka. Ninyi mlioko kidato cha pili na cha tatu, mnaosema kwamba kazi ya stoo ni kukaa kitini ukila njugu, nawaandikia nilivyoifanya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Nyeri na nilikuwa nangoja matokeo. Tata, mdogo wake mama, huimba kwaya kanisani na mke wa Meneja, na ndiye aliyeniombea nafasi hiyo.

Gereji yetu ilitengeneza na kukodisha matrela kwa wageni wanaokuja kuuona mlima. Trela lenyewe ni sanduku la chuma lenye magurudumu mawili, linalovutwa na Landrova. Ukifungua kifuniko chake, hema la turubai linainuka kutoka ndani, na vitanda vinachomoza huku na huku. Ukimaliza safari unakunja kila kitu, kifuniko kinashuka. Kwenye ukingo ambapo kifuniko hukalia, kuna vipande vya mpira mnene, kila kimoja ukubwa wa kiberiti. Hivyo ndivyo tulivyoviita raba. Raba zikichakaa au zikitoka, chuma hukalia chuma, turubai hubanwa katikati likatoboka, na mvua ya mlimani ikiingia, mgeni analala majini.

Meneja aliniita ofisini kabla hata sijaonyeshwa choo kiko wapi. Alikuwa mtu mwembamba, na alifunga mlango kabla ya kusema jambo lolote, hata kama ni la chai.

"Nasikia wewe husemi sana."

"Ndiyo, sir."

"Vizuri. Kaa hivyo hivyo, uangalie. Trela linatoka hapa na raba zote, linarudi na mapengo kama mtoto wa darasa la kwanza. Fundi Mkuu ananiambia ati zimeanguka. Zimeanguka zikaenda wapi? Ziko na miguu?"

Akanipa ufunguo wa stoo na sheria moja: raba kuukuu kwa raba mpya. Fundi akileta iliyochakaa, nampa mpya. Asipoleta, asipewe.

"Na Ijumaa nataka jina," akasema. "Nikikosa jina, nitajua kwa nini nimelikosa."

Hapo nikaelewa kwamba jina lenyewe lingeweza kuwa langu. Nikamfikiria Tata akiimba kando ya mke wa Meneja huku kila mtu kanisani akijua kwamba mtoto wa dada yake alifukuzwa kwa wizi. Tangu saa ile, kila aliyepita mbele ya dirisha la stoo nilimtazama mifukoni.

Fundi Mkuu alikuwa mzee mnene, mwenye koti la kaki asilolivua hata jua likiwaka. Msaidizi wake alifukuzwa mwezi uliotangulia kwa sababu ya raba hizo hizo, kwa hiyo nje ya stoo mimi ndiye niliyekuwa msaidizi. Alinifundisha kazi bila kunitazama usoni. Kwanza unakwangua gundi ya zamani kwa patasi. Unapiga msasa mpaka chuma king'ae. Unapaka solusheni, ile ya kuzibia panchari, upande wa chuma na upande wa raba, kisha unangoja ikauke mpaka isishike kidole. Ndipo unabandika na kukaza skrubu.

"Ukibandika ikiwa maji, utakuwa umepaka uji," alisema. "Lakini karani wa stoo kama wewe hawezi kujua uji wa trela. Anajua wa shule tu."

Jioni, nikienda nyumbani, alisimama langoni na mlinzi. "Kiondo yako imebeba nini leo, karani? Fungua tuone mboga." Alicheka, lakini macho yake yalikuwa ndani ya kiondo. Nami nikatazama koti lake lilivyovimba mfukoni. Tukaagana vizuri sana, kama watu wanaochukiana.

Jumanne nilipewa kituo kingine. Meneja alisema niende na Fundi Mkuu kurudisha trela kutoka kwa wageni waliopiga kambi ng'ambo ya Timau. Alisema ni ili nijifunze, ila nilijua nimetumwa nini. Wageni walipokwisha kuondoka tukakagua trela pamoja, na raba zote zilikuwapo. Nilizigusa moja moja. Kisha tukaanza safari ya kurudi kwa ile barabara ya murram, isiyo na lami, inayokatiza mashamba ya ngano. Kuna mahali karibu na kalvati, mfereji wa zege unaopitisha maji chini ya barabara, ambapo njia imejikunja mawimbi mawimbi kama ubao wa kufulia, na hapo kifuniko kilianza kupiga, kwa-kwa-kwa, mpaka meno yangu yakapiga nacho. Fundi akaguna. Mimi sikugeuka kutazama nyuma. Nilikuwa nikiangalia mikono yake kwenye usukani, na lile koti.

Tulipofika Nanyuki, upande wote wa kushoto ulikuwa na mapengo.

"Unaona?" Fundi akasema. "Zimeanguka."

Niliona kwamba alikuwa ameshuka mara moja njiani, akasema anakojoa. Hicho ndicho nilichoona.

Jumatano alikuja dirishani kutaka raba mpya. Nikamwambia alete kuukuu.

"Nitaleta kitu imeanguka?"

"Sheria ni ya Meneja."

"Basi hiyo kifuniko ikalie meno yako," akasema, akaenda.

Mchana nilimfuata. Alivuka soko akaingia kwa Bwana Salim, mshonaji wa viatu vya akala, vile vinavyokatwa kwenye tairi la lori. Nikiwa nyuma ya magunia ya viazi nilimwona Fundi akitoa kitu cheusi kidogo mfukoni, Bwana Salim akakigeuzageuza mkononi, wakanong'ona. Alhamisi asubuhi lile trela lilikuwa na vipande vya tairi mahali pa raba. Nikasema basi, nimempata: anauza nzuri, anabandika takataka. Jina alilolitaka Meneja nilikuwa nalo.

Bado sijui kilichonipeleka kwa Bwana Salim saa ya chakula. Labda nilitaka kuwa na uhakika, labda niliogopa kulisema jina hilo kwa sauti. Nilisimama mbele yake nikitazama viatu mpaka akaniuliza kama nimekuja kununua au kuhesabu viatu vyake.

"Raba za trela," nikasema. "Zile anazokuuzia Fundi."

"Aniuzie mimi?" Akacheka hadi akaweka kisu chini. "Binti, ile raba ni laini kama andazi. Nikiishonea kiatu, mteja atarudi kesho na jiwe mkononi. Fundi alileta kimoja cha kupimia, akataka nimkatie tairi la ukubwa ule ule. Ati kuna karani mmoja hapo kwenu amemnyima."

Nilirudi nikiwa nimeinamisha kichwa. Lakini msidhani nilimwamini. Njia nzima nilijiuliza kama wawili hao wamepanga maneno.

Alasiri hiyo Fundi alisema vipande vya tairi ni vigumu, vinainua kifuniko upande, kwa hiyo kimoja lazima kipunguzwe. Hii ndiyo sehemu ya kazi isiyofanywa na mtu mmoja. Mmoja anashikilia kifuniko kwa mabega, mwingine anaingiza mikono chini yake na bisibisi. Kifuniko kikishuka, vidole vimeenda. Zamani waliegemeza gogo, lakini Meneja alilikataza kwa sababu lilikwaruza rangi. Fundi alikuwa na bisibisi mkononi, na hakuinama.

"Nitashika," nikasema.

"Najua utashika. Sijui utashika mpaka lini." Ndipo akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Umeambiwa uniangalie."

Sikujua kudanganya. "Ndiyo."

"Mpaka Ijumaa."

"Ndiyo."

"Mimi pia nimeambiwa nikuangalie. Mpaka Ijumaa." Akafuta mikono kwenye koti. "Na yule kijana aliyefukuzwa, tuliambiwa hivyo hivyo. Yeye akasema jina langu, mimi nikasema lake."

Nilifikiri, huyu anaweza kuwa ananitega. Nadhani naye alifikiri hivyo juu yangu, maana hakuna aliyesogea. Mwishowe nikachukua bisibisi mkononi mwake, nikasema shika wewe. Akainua kifuniko kwa bega. Nikaingiza mikono. Nililegeza skrubu huku nimekaza macho usoni pake, siyo kwenye skrubu, kwa hiyo ilinichukua muda mrefu na ilianguka mara mbili. Jasho lilimtoka.

"Harakisha, kairitu. Hii ni chuma, siyo mto."

Nikatoa mikono. Vidole vyote vilikuwapo.

Ijumaa jioni Meneja akafunga mlango. Fundi alikuwa ametangulia kuitwa, na alipotoka alinipita bila salamu.

"Mwenzako ameshanipa jina," Meneja akasema. "Sasa nipe lako."

Nilimwona akilini Fundi akitaja jina langu, kama alivyotaja la yule kijana. Jina lake lilikuwa mdomoni mwangu tayari, na lingetoka kwa urahisi.

"Sina jina, sir. Raba zinaanguka njiani, kwenye ile murram ya Timau. Nilisikia kifuniko kikipiga."

"Uliziona zikianguka?"

"Hapana, sir. Nilikuwa nikimwangalia Fundi."

Akanyoosha mkono, nikampa ufunguo. "Jumatatu usije."

Hivyo ndivyo nilivyostaafu, nikiwa na miaka kumi na minane. Kustaafu kwangu kulidumu jioni moja, jikoni kwa Tata, nikimenya viazi bila kumwambia kwamba nimefukuzwa. Niliwaza kwamba wiki nzima nilifundishwa kazi mbili. Ya kubandika raba naweza kuifanya hata leo. Ile nyingine, ya kutazama mifuko ya watu, niliijua upesi kuliko ya kwanza, na hilo ndilo linalonitisha. Ukiifanya vizuri, huoni barabara uliyopita juu yake.

Asubuhi iliyofuata niliomba lifti kwenye lori la ngano, nikashuka karibu na ile kalvati ya Timau na kiondo changu. Baridi ilikuwa kali na mlima ulikuwa wazi. Kulikuwa na mtu ameinama kwenye majani kando ya njia. Koti la kaki.

"Umenifuata tena?" akauliza.

"Nimefuata raba."

Akageuza mifuko yake nje. Raba nne, zina matope. "Na mimi nimeambiwa nisirudi," akasema. "Nilimwambia sikuona kitu kwako."

Sikujua kama nimwamini. Lakini magoti yake yalikuwa na vumbi, na ni wazi alikuwa amefika kabla yangu. Tukatafuta, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, tukitia kwenye kiondo, ili Jumatatu tuzimwage juu ya meza ya Meneja, mlango ukiwa wazi. Nyingine zilikuwa zimechukuliwa na maji hadi chini ya kalvati, chini ya bamba la zege lililovunjika. Fundi akaliinua bamba kwa mikono miwili, mishipa ikamtoka shingoni.

"Weka mkono."

Nikalala kifudifudi, nikaingiza mkono wote mpaka begani, nikipapasa matopeni. Uso wake sikuutazama.