Kabla ya Kupeana Mikono

Kila asubuhi, kabla hajachomeka pasi kwenye umeme, Mama Pasi hufungua mlango wa mbele na dirisha la nyuma la kibanda chake cha kupigia pasi, kisha husogeza viti ili njia ya kutokea iwe wazi. Mvua inyeshe, vumbi litue kwenye mashati ya watu, shauri yao. Mwaka ule wa mauaji, wauaji walipopita nyumba kwa nyumba wakiwamaliza watu wa kabila lake, nyumba aliyojificha ilikuwa na mlango mmoja tu. Yeye aliachwa akidhaniwa maiti. Miili ya wanawe wawili ilipakiwa kwenye mkokoteni, na aliyeusukuma alikuwa jirani yao, seremala.

Jumamosi manusura hukutana humo humo, katikati ya nguo zilizonyooshwa, wakasimuliana. Binti wa dada yake, msomi wa chuo asiyeweza hata kuitikia salamu kwa sauti, hujibanza pembeni akisikiliza. Mshona viatu mmoja alijificha kwenye shimo la choo. "Harufu ndiyo iliyoniokoa," husema. "Wauaji walikuwa watu wasafi sana." Hapo wote hucheka mpaka machozi, halafu machozi yakabaki peke yake.

Sasa seremala ametoka jela, na afisa mmoja amepata wazo: siku ya kumbukumbu ya mauaji, seremala na Mama Pasi wapeane mikono mbele ya kamera. Wakaitwa ukumbini kwa mazoezi. Binti akamsindikiza mama yake mdogo.

"Ukimaliza kusimulia, mama, unasema umesamehe," afisa alielekeza. "Mnapeana mikono, sisi tunapiga makofi."

"Makofi ya nini? Kwani wanangu walicheza ngoma?"

Seremala alikwisha kunyoosha mkono. "Dada, yaliyopita si ndwele."

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," Mama Pasi alimjibu. "Wangu hata kaburi hawana. Mkokoteni uliusukuma wewe. Uliishia wapi?"

"Mahakamani nilishakiri yote."

"Ulikiri kusukuma. Mimi nauliza ulikowashusha."

Seremala akamtazama afisa kama mtoto anayemtafuta mamaye. "Nimesahau," akasema.

"Umesahau! Juzi tu tulipokutana njiani ulinitajia vipimo vya kabati ulilomtengenezea marehemu mama yangu, mimi nikiwa bado kigoli. Upana, urefu, mpaka droo! Hayo hukuyasahau?"

"Taratibu, mama," afisa akaingilia. "Leo ni mazoezi tu."

"Basi na aseme kwa mazoezi!"

Seremala akaurudisha mkono wake mfukoni, taratibu, kama mtu anayeficha kitu cha watu. Mama Pasi akajitanda kanga yake, akatoka. Nyuma yake alimsikia afisa akiuliza kama hakuna manusura mwingine, mpole kidogo.

Walipofika kibandani, yeye na binti, Mama Pasi akachukua pasi na kulikandamiza shati la mteja mpaka meza ikalia. Binti alisimama karibu naye, maneno yamemjaa kinywani na hajui aanze na lipi. Mwishowe likatoka moja.

"Mama mdogo, angekuambia walipo, ungemsamehe?"

"Hapana. Ningewazika."